Maganda ya mayai: yanapofaa na yasipofaa, kutoka Kakamega hadi kwetu Pwani

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, lakini kazi ya ualimu ilinileta Kakamega, na huu ni mwaka wa sita nikilima kibustani nyuma ya nyumba niliyopanga. Kila baada ya muda simu yangu huingia ujumbe ule ule wa kusambazwa: usitupe maganda ya mayai, ni mbolea ya ajabu, yatie kwenye kila mmea. Nimeyajaribu kwa mikono yangu. Mengine ni kweli, mengine si kweli, na mengine ni kweli hapa Kakamega lakini huko nyumbani yanaweza kukuharibia mboga. Kwa hivyo nimeona niyapange vizuri kwa faida ya wenzangu.

Ganda ni nini hasa

Ganda la yai ni chokaa. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kinachopatikana katika mawe ya matumbawe yaliyojengea Fort Jesus na nyumba za Lamu. Ukitaka kuhakikisha, tumbukiza yai bichi ndani ya gilasi ya siki. Litatoa mapovu, na baada ya siku moja au mbili ganda limeyeyuka, umebaki na yai lililoshikwa na utando tu.

Ganda moja kavu lina uzito wa gramu 5 hadi 6. Trei moja ya mayai 30 basi inakupa gramu 150 hadi 180. Ishike hesabu hiyo, tutairudia.

Lisichokuwa nacho ganda ni chakula cha kutosha cha mmea. Naitrojeni ni kidogo mno, na fosforasi na potasiamu ni kidogo pia. Anayeliita mbolea kamili anakudanganya. Samadi na mboji bado utazihitaji.

Kwa nini Kakamega yanafaa

Kakamega mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Kwa mwaka hufika kama milimita 2,000 sehemu nyingi, na mvua ya miaka mingi huosha chokaa yote ya asili ikaacha udongo mwekundu wenye tindikali. Mbolea ya DAP ikitiwa msimu baada ya msimu huongeza tindikali hiyo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu ya ardhini huanza kuchoma mizizi, na fosforasi unayoinunua kwa pesa nyingi hufungwa isifikie mmea. Ndiyo maana mkulima anaweza kutia mbolea na mahindi yakabaki mafupi yenye majani ya zambarau.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Kiwango kinachotajwa sana magharibi mwa Kenya ni kama tani 2 kwa hekta, yaani takriban kilo 800 kwa ekari. Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Ili upate kilo 800 za maganda, unahitaji zaidi ya trei 4,000. Hapana familia itakayokula hayo. Mwenye shamba la ekari asijisumbue na maganda. Anunue chokaa, nayo haiko mbali, kwani mawe yake huchimbwa Koru, kaunti ya Kisumu.

Lakini kiwango hicho hicho kwa mita mraba moja ni gramu 200 tu. Nyumba yangu hula trei mbili kwa mwezi. Kwa mwaka napata kama kilo 4 za unga, zinazotosha mita mraba 20. Tuta zima la sukuma wiki na kunde, bure. Nikitaka zaidi, namwendea kijana anayeuza mayai ya kuchemsha stendi ya magari, ambaye hufurahi kuondolewa taka.

Kosa langu la kwanza

Mwaka wa kwanza niliyavunja maganda kwa kiganja na kuyamwaga juu ya tuta. Mwaka uliofuata nikachimba nikayakuta yale yale, meupe, hayajaguswa. Mboga zilikuwa zimedumaa vile vile. Kipande kikubwa cha ganda huchukua miaka kuyeyuka, ilhali unga laini huanza kazi ndani ya miezi michache.

Sasa nafanya hivi. Nayaosha maganda, nayachemsha dakika 10 kuua vijidudu vya salmonela, na kuyaanika juani hadi yakauke kabisa. Nayatwanga kwenye kinu, kisha nayapitisha kwenye chungio la chai. Yanayobaki juu yanarudi kinuni. Unga nauchanganya na udongo hadi kina cha shubiri moja, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiutie siku moja na samadi mbichi au mbolea ya naitrojeni, kwa sababu chokaa hufukuza sehemu ya naitrojeni hewani. Ganda ambalo halijaoshwa nalo huita panya na mbwa.

Wapwani, pimeni kwanza

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Dadangu anakaa Mtwapa, na nyumba yake imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Nilimsifia maganda yangu kwa simu, naye akaanza kuyatia kwenye mndimu uliokuwa umepauka. Mndimu ukazidi kupauka: majani ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nilipokwenda likizo niliteka udongo wa chini ya mti, nikaumwagia siki. Ukachemka mapovu kama soda.

Udongo ule ulikuwa na chokaa kupita kiasi, na chokaa ikizidi, madini ya chuma hufungwa na mmea hauyapati. Nilikuwa nimemshauri dadangu ampe mgonjwa wa sukari asali. Dawa ya mti ule ilikuwa mboji nyingi na matandazo, wala si chokaa zaidi.

Kwa hivyo kabla ya yote, chukua kijiko cha udongo mkavu, weka kwenye kisahani, umwagie siki. Ukitoa mapovu, maganda yako yapeleke kwa kuku, si bustanini. Usipotoa mapovu, usikimbilie kusema una tindikali, kwa sababu siki haikuambii hilo. Peleka udongo ukapimwe pH. Si Pwani yote ni matumbawe. Unguja wazee hutofautisha ardhi ya uwanda yenye mawe na ardhi ya kichanga, na Pemba yenye mikarafuu ina udongo mwekundu wa kina ambao haufanani na wa uwandani.

Kuku ndio wanaofaidi zaidi

Jirani yangu ni bibi ninayemwita Kukhu, kama wamwitavyo wajukuu zake. Ana kuku kumi na mmoja, na mayai ndiyo yanayomlipia sabuni, sukari na madaftari ya mjukuu. Alipowafungia bandani kwa sababu ya mwewe, baada ya muda wakaanza kutaga mayai tepetepe yanayopasuka mkononi. Alikuwa ameshaamua kuwauza wote.

"Mwalimu, hawa kuku wananitagia maji," akaniambia.

"Kukhu, unawapa chokaa yoyote?"

"Chokaa? Hii ya kupaka nyumba?"

Nikamwambia asithubutu. Chokaa ya kupaka imechomwa tanuuni na inaunguza mdomo na tumbo. Ganda la yai halijachomwa hivyo, halina madhara hayo.

Sababu yenyewe ni hii. Kila ganda lina kama gramu 2 za kalsiamu, na kwa kuwa kuku hafyonzi yote anayokula, anayetaga kila siku huhitaji kama gramu 4. Aliyeko nje hujitafutia konokono na vijiwe. Aliyefungiwa na kupewa mahindi matupu hana pa kuipata, basi huitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, na ikipungua huko ganda hulainika.

Tulimtengenezea Kukhu maganda yaliyochemshwa, yakakaushwa na kuvunjwa vipande vidogo kama punje za mchele. Kwa kuku usisage unga mtupu, maana vipande hukaa tumboni na kutoa kalsiamu taratibu usiku, wakati ganda linapoundwa. Yaweke kwenye kopo la peke yake, kila kuku atakula kiasi anachohitaji. Usiwape maganda yenye umbo la yai, wasije wakajifunza kula mayai yao. Vifaranga na kuku ambao hawajaanza kutaga usiwape, kwa sababu kalsiamu nyingi huwaharibu figo.

Baada ya wiki mbili hivi, mayai ya kuku tisa yalikuwa magumu. Wawili waliobaki walikuwa wazee, na hao chokaa haikuwasaidia. Kukhu hakuuza banda, aliuza wale wawili. Kuku wako wakiendelea na mayai laini baada ya hapo, au wakikohoa na kupunguza kutaga, huenda ni ugonjwa, mwite daktari wa mifugo. Hapa Kakamega tuna bahati kwamba KALRO ina kituo chake kinachoshughulikia kuku, na ushauri wao ni bora kuliko ujumbe wa kusambazwa.

Kazi ndogo ndogo za nyumbani

Chupa ya chai iliyoshika weusi ndani: tia maganda yaliyovunjwa, maji ya vuguvugu na tone la sabuni, tikisa, suuza vizuri. Sufuria iliyoungua: unga wa maganda husugua bila kukwaruza sana kama mchanga. Miche ya pilipili na nyanya unaweza kuiotesha ndani ya nusu ganda lenye tundu chini, lakini livunje kabla ya kuupanda mche, mizizi isibanwe.

Yanayosemwa na si kweli

Kuzuia konokono: nimewaona wakipita juu ya maganda kama watembea barazani. Mwaka 2018 chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilijaribu maganda pamoja na njia nyingine za aina hiyo na hakikuona tofauti.

Nyanya kuoza kitako: ni kweli tunda limekosa kalsiamu, lakini mara nyingi kalsiamu ipo ardhini na kilichokosekana ni maji ya mpangilio. Mwagilia kwa kiasi kile kile kila mara, uweke na matandazo, kabla ya kulaumu udongo.

Dadangu mndimu wake umeanza kurudi kijani tangu tulipouwekea mboji. Maganda yake sasa huyapeleka kwa jirani mwenye kuku, naye hurudishiwa mayai mawili matatu kila Ijumaa.