Upande wa Yakobo Hatukuusikia

Katika kazi hii ya habari kuna jambo ambalo mwanafunzi hufundishwa tangu wiki ya kwanza: pakiwa na ugomvi, sikiliza pande zote mbili. Leo nataka tuutazame kwa jicho hilo ugomvi mmoja wa zamani sana, uliozuka kati ya wafuasi wa mwanzo wa Yesu wa Nazareti, ambaye ndugu zetu Waislamu humwita Nabii Isa. Mimi si padri, si mchungaji wala shehe, na sikuja kuhubiri. Nazungumza historia.

Yesu alisulubiwa Yerusalemu yapata mwaka 30, Pontio Pilato akiwa liwali wa Kirumi katika Uyahudi. Wafuasi aliowaacha hawakujiona kuwa watu wa dini mpya. Walikuwa Wayahudi, wakienda hekaluni, wakishika Sabato na kutahiri watoto wao, na juu ya hayo wakiamini kwamba mwalimu wao amefufuka na kwamba ndiye Masihi. Jina la Wakristo hawakuwa nalo. Kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, jina hilo lilianzia Antiokia, katika nchi ya Shamu.

Mkubwa wa jamaa hao wa Yerusalemu alikuja kuwa Yakobo. Wengi wakilisikia jina hilo humkumbuka mwana wa Zebedayo, yule mvuvi. Huyu ni mwingine. Huyu aliitwa ndugu wa Bwana. Wakatoliki husema alikuwa binamu, Waorthodoksi husema alikuwa mtoto wa Yosefu kwa mke wa kwanza, na Waprotestanti wengi husema ni wa tumbo moja. Sisi ambao kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, hatuna sababu ya kugombania neno hilo. Itoshe kusema alikuwa mtu wa nyumbani, na Injili hazifichi kwamba watu wa nyumbani hapo mwanzo hawakumwamini.

Upande wa pili yupo Paulo. Huyu hakutembea na Yesu hata siku moja. Alianza kwa kuwatesa wafuasi wake, kisha akageuka. Hata hivyo barua zake ndizo maandishi ya Kikristo ya zamani kuliko yote tuliyonayo. Ile ya kwanza kwa Wathesalonike iliandikwa yapata mwaka 50, miaka kama 20 kabla ya Injili ya Marko. Katika barua yake kwa Wagalatia anasimulia kwamba miaka mitatu baada ya kugeuka alikwenda Yerusalemu, akakaa na Petro siku 15, na zaidi yake akamwona Yakobo tu. Siku 15! Nimewahoji watu wengi katika kazi hii, lakini mahojiano hayo yote ningeyatoa nipate kanda moja ya mazungumzo yale. Paulo hakuandika hata neno moja la yaliyosemwa.

Basi ugomvi wenyewe ulitokea Antiokia, mji ambao leo huitwa Antakya, nchini Uturuki, na ambao tetemeko la Februari 2023 liliuharibu vibaya. Huko Wayahudi na Wayunani waliomwamini Yesu walikula pamoja. Kwa Myahudi mwenye kushika sheria hilo halikuwa jambo dogo. Nyama hiyo imechinjwa vipi? Divai hiyo haikumiminwa kwanza mbele ya sanamu? Petro alipofika alikula nao bila taabu. Kisha wakaja watu kutoka kwa Yakobo, na Petro akaanza kujitenga, kidogo kidogo, mpaka akaiacha meza. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba, rafiki na msafiri mwenzake Paulo.

Hebu jiweke mahali pa yule Myunani. Hakuna aliyemtukana. Ameona tu viti vimebaki vitupu.

Paulo alimkemea Petro mbele ya watu wote, na maneno yake ameyaandika. Petro alijibu nini, hakuandika. Mhariri wangu wa kwanza angeirudisha habari ya namna hiyo mezani kwangu siku hiyo hiyo.

Mimi kwa maoni yangu, Yakobo hakuwa mkorofi. Ni yeye, kwa mujibu wa Matendo, aliyeamua kikaoni Yerusalemu kwamba watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Ila yeye aliishi chini ya kivuli cha hekalu, kati ya watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya sheria ya Musa, na kila habari iliyotoka Antiokia ilimfikia yeye kwanza. Paulo aliombwa jambo moja, awakumbuke maskini wa Yerusalemu, naye akachangisha fedha Makedonia na Korintho kwa miaka. Yapata mwaka 57 alizipeleka mwenyewe. Yakobo alimpokea, akamshauri aende hekaluni na kuwalipia watu wanne gharama za nadhiri yao, ili ionekane kwamba hakuitupa sheria. Paulo akakubali, na ni hekaluni humo alimokamatwa.

Yakobo naye aliuawa mwaka 62. Mwanahistoria wa Kiyahudi, Josephus, anaeleza kwamba kuhani mkuu Anano alitumia nafasi liwali mmoja amekufa na mwingine bado yu njiani, akaamuru apigwe mawe kwa kosa la kuvunja sheria. Waliolalamika walikuwa Wayahudi wa mjini wenye kushika sheria kwa makini kabisa, na Anano akapoteza ukuhani wake.

Vita na Warumi vilianza mwaka 66, na mwaka 70 jeshi la Tito likaliteketeza hekalu na mji. Barua za Paulo hazikuwa huko. Zilikuwa Korintho, Filipi na Thesalonike, mbali na moto, zikinakiliwa. Katika Agano Jipya imo barua moja fupi yenye jina la Yakobo, ambayo wataalamu hawakubaliani kama aliiandika yeye. Inawakemea wanaompa tajiri kiti kizuri na kumwacha maskini amesimama. Juu ya meza ya Antiokia haisemi kitu.