Brooks Yupi?

Ijumaa ya tarehe 14 Desemba 2018, klabu tatu za NBA zilikubaliana kubadilishana wachezaji. Washington Wizards wangempata Trevor Ariza kutoka Phoenix Suns. Kelly Oubre wa Washington angekwenda Memphis Grizzlies, mwenzake Austin Rivers angekwenda Phoenix, na Memphis nao wangewapa Phoenix wachezaji wawili: Wayne Selden na Brooks. Habari zikavuja na kutangazwa. Ndipo swali likazuka: Brooks yupi?

Memphis walikuwa na akina Brooks wawili. Dillon alikuwa kijana wa msimu wa pili, tegemeo la kesho. MarShon alikuwa mkongwe wa benchi. Phoenix waliamini wanaletewa Dillon. Memphis wakasema Dillon hajawahi kutajwa hata siku moja. Usiku uleule dili likafa.

Chanzo ni kwamba Phoenix na Memphis hawakuwa wamezungumza wenyewe kwa wenyewe. Washington walikaa katikati, wakichukua neno huku na kulipeleka kule. Aliyewahi kununua kiwanja kupitia dalali anaijua hali hiyo: muuzaji na mnunuzi wanaonana siku ya kulipana, na hapo ndipo kila mmoja anagundua kuwa muda wote alikuwa akizungumzia kiwanja kingine. Kesho yake Washington na Phoenix wakamalizana wawili tu, Ariza kwa Oubre na Rivers, na Memphis wakabaki na akina Brooks wao wote.

Lakini kwa nini watu watatu, au watano, au saba, waketi kwenye biashara ambayo wawili wangeweza kuimaliza? Msomaji aliyezoea usajili wa Simba na Yanga atashangaa, maana kwetu klabu inayomtaka mchezaji inatoa fedha, basi. NBA hawauziani hivyo. Mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji, au kwa haki ya kuchagua chipukizi kwenye drafti ya miaka ijayo, na mkataba wake anahama nao.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Mwaka 1978 wamiliki wawili, Irv Levin wa Boston Celtics na John Y. Brown wa Buffalo Braves, walibadilishana klabu nzimanzima. Levin akaichukua ya Buffalo na kuihamishia San Diego. Kilichobana ni ukomo wa mishahara, ulioanza msimu wa 1984-85 kwa dola milioni 3.6 kwa timu. Tangu hapo, klabu iliyoupita ukomo ikitaka kupokea mshahara mkubwa lazima itoe mshahara unaokaribiana nao. Wewe una nyota wa milioni 15, mimi nina vijana wa milioni mbilimbili: hatuwezi kupatana mpaka atokee wa tatu mwenye mshahara wa kujazia.

Hasheem Thabeet wetu aliionja hesabu hiyo. Kijana wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, na nafasi ya pili ina mshahara mnono. Mwaka 2011 Memphis walimpeleka Houston walipomtaka Shane Battier. Mwaka uliofuata Houston wakampeleka Portland pamoja na Jonny Flynn ili wampate Marcus Camby. Mkataba wake ulikuwa na kazi nyingi kuliko dakika zake uwanjani, na sidhani kama hilo lilikuwa kosa lake.

Memphis hao hao, enzi wakiwa bado Vancouver, ndio waliofungua mlango wa madili makubwa. Mwaka 1999 walimchagua Steve Francis, naye akagoma kwenda Kanada. Agosti wakampeleka Houston, Orlando wakiwa wa tatu, katika mpango wa wachezaji 11, mkubwa kuliko wote hadi siku hiyo. Mwaka 2000 zikaja timu nne, pale New York walipoachana na Patrick Ewing aliyewachezea misimu 15, akaishia Seattle.

Kisha tarehe 2 Agosti 2005: timu tano, wachezaji 13. Miami Heat walikuwa na Shaquille O'Neal na kijana Dwyane Wade, wakamtaka Antoine Walker wa Boston, lakini hawakuwa na nafasi ndani ya ukomo. Boston wakakubali kumsainisha Walker mkataba wa miaka sita kisha kumtoa. Eddie Jones akatoka Miami kwenda Memphis, na Jason Williams na James Posey wakatoka Memphis kwenda Miami. Utah wakarudishiwa Greg Ostertag, aliyeanzia kazi kwao. New Orleans wakapata Rasual Butler na Kirk Snyder. Humohumo zikahamishwa haki za Wahispania wawili, Roberto Dueñas na Albert Miralles, ambao hawakuwahi kuchezea NBA hata dakika moja. Kwenye karatasi walikuwa na thamani, kwa sababu kila timu iliyoketi mezani lazima itoe kitu au ipokee kitu, hata kama kitu chenyewe ni jina tu. Juni 2006 Miami, baada ya kufungwa na Dallas mechi mbili za mwanzo za fainali, walishinda nne mfululizo na kutwaa ubingwa wao wa kwanza. Walker, Williams na Posey wote walikuwamo.

Wingi wa watu mezani una hatari yake. Februari 2023 Golden State, Portland, Detroit na Atlanta walipatana, halafu madaktari wa Golden State wakamkuta Gary Payton II, waliyekuwa wakimpokea kutoka Portland, hayuko sawa. Timu nne zikangoja siku kadhaa kwa ajili ya mwili wa mtu mmoja, hadi Golden State wakakubali yaishe.

Mwaka huohuo NBA ikakaza zaidi. Klabu inayovuka mstari wa pili wa matumizi, ulio juu ya ule ukomo wa mishahara, hairuhusiwi tena kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, wala kuongezea fedha taslimu. Mameneja wakajibu kwa kushona pamoja madili madogo yaliyokuwa yakisubiri. Julai 2024 Klay Thompson alitoka Golden State kwenda Dallas katika mpango wa timu sita. Julai 2025 zikafika saba, Kevin Durant akitoka Phoenix kwenda Houston. Rekodi hizi hazinivutii kama ile ya 2005, kwani baadhi ya timu zile saba hazikuwa na habari na Durant. Biashara zao zilidandia tu basi lililokuwa linaondoka.

Ila waliokuwa ndani ya basi hilo wanatuhusu. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, aliitwa wa kumi usiku wa drafti na kuvaa kofia ya Houston, akibubujikwa na machozi, huku ikijulikana wazi kuwa anakwenda Phoenix. Clint Capela, mzaliwa wa Geneva mwenye damu ya Kongo na Angola, alirudi Houston, waliomtoa mwaka 2020 katika dili la timu nne.

Na Phoenix wakapokea pia mchezaji mmoja wa Houston, aliyefika huko mwaka 2023 kutoka Memphis kwa njia ya timu tano. Dillon Brooks. MarShon alikuwa ameshatoka NBA tangu 2019, kwa hiyo safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza.