Kiongozawimbi na Geini

Upau unaozunguka juu ya meli nyingi zinazotia nanga Mombasa au Dar es Salaam ni antena ya rada. Ndani yake, mara nyingi, mna bomba la metali la mstatili lililokatwa nyufa kwa mpangilio. Bomba la aina hiyo wahandisi huliita weivugaidi. Ukisema "mwongozo wa mawimbi", msomaji atafikiria kijitabu cha kujiandalia mtihani. Naonelea tuliite kiongozawimbi, kwa wingi viongozawimbi, maana kipimajoto, kipazasauti na kinasasauti tumekwisha kuvizoea.

Kiongozawimbi hakipitishi kila wimbi. Wimbi ambalo urefu wake hewani unazidi mara mbili ya upana wa ndani wa bomba hufifia likiwa bado mlangoni. Bomba linalotumika sana kwa masafa ya gigahezi 8.2 hadi 12.4 lina upana wa milimita 22.86, na chini ya gigahezi 6.56 hivi halisafirishi kitu.

Uzuri uko kwenye nyufa. Katika gigahezi 10, wimbi lina urefu wa milimita 30 hewani, lakini karibu 40 ndani ya bomba hilo. Kwa hiyo, kwenye uso mpana, nyufa hukatwa kila baada ya milimita 20, nusu ya urefu wa ndani: mmoja kushoto kidogo mwa mstari wa kati, unaofuata kulia. Kila nusu wimbi mkondo wa umeme hugeuka. Ufa ukihamia upande wa pili, athari hugeuka tena, na nyufa zote hutoa mawimbi yanayopanda na kushuka pamoja. Nguvu hukusanyika mbele. Nafasi zikikosewa, mwali hupinda.

Kukusanyika huko ndiko geini. Neno "ukuzaji" huja upesi mdomoni, nami nalikataa. Mtu anayeita mashua ng'ambo ya mkono wa bahari huzungushia mdomo viganja. Mapafu ni yale yale, ila sauti haipotei kando. Kukuza ni kazi ya amplifaya, yenye umeme wake. Fundi akiamini kwamba antena inakuza, hataona sababu ya kuielekeza kwa makini, ilhali geini kubwa maana yake ni mwali mwembamba. Heri tubaki na geini.

Sasa, antena ndogo yenye geini kubwa hupatikanaje? Mdomo wa antena wa sentimita 10 kwa 10, ukijaa wimbi sawasawa, katika gigahezi 10 hutoa geini ya mara 140 hivi, yaani desibeli 21. Ukitaka maradufu, eneo la mdomo nalo liwe maradufu. Kinachoweza kupunguzwa ni kina. Antena ya pembe, yaani bomba linalopanuka kuelekea mdomoni, ikipanuka ghafla, wimbi la pembezoni huchelewa kuliko la katikati, ndiyo maana pembe nzuri huwa ndefu. Lenzi ya plastiki mdomoni hulichelewesha la katikati, na pembe ikafupishwa. Antena ya nyufa nayo ni bapa tangu mwanzo.

Njia nyingine ni kupandisha masafa: mdomo ule ule katika gigahezi 30 hutoa geini mara tisa zaidi. Jagadish Chandra Bose, huko Calcutta katika miaka ya 1890, alikwisha kutumia mawimbi ya milimita 5 hivi, karibu gigahezi 60, kwa mabomba na pembe zilizotosha juu ya meza.