Mfupa Hauui, Kitanda Ndicho Kinachoua: Historia Fupi ya Nyonga Iliyovunjika

Habari hii umeshaisikia: bibi kateleza bafuni, hawezi kusimama, na miezi michache baadaye tunazika. Lakini hebu jiulize: mfupa mmoja unamuuaje mtu?

Twende London, mwaka 1822. Daktari mpasuaji Astley Cooper alichapisha kitabu kuhusu mifupa inayovunjika karibu na viungo. Alieleza kwamba shingo ya mfupa wa paja ikivunjika ndani ya mfuko wa kiungo cha nyonga, kwa kawaida haiungi, kwa sababu kichwa cha mfupa hukosa damu ya kutosha. Ushauri wake kwa wazee unashangaza hadi leo: weka mto chini ya mguu kwa wiki mbili hivi, maumivu yakipungua mkalishe mgonjwa kwenye kiti kirefu, kisha mpe magongo. Mguu utabaki na kilema, lakini mwenye mguu atabaki hai.

Kwa nini aliogopa kitanda? Ukilala tu, mapafu hayapanuki vizuri, makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Ngozi ya makalio na visigino inagandamizwa hadi inakuwa vidonda. Damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, na donge likisafiri hadi kwenye mapafu, mtu anaondoka ghafla.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Royal Whitman wa New York alikuja na njia nyingine: kuunyoosha mguu, kuutanua kwa upande, kisha kumfunga mgonjwa plasta kuanzia kifuani hadi mguuni. Mifupa mingine iliunga kweli. Lakini mfikirie mzee wa miaka 80 akiwa ndani ya plasta hiyo kwa wiki na wiki. Mfupa ulitibiwa, mtu akasahaulika.

Mambo yalianza kubadilika Boston mwaka 1925, pale Marius Smith-Petersen alipotumia msumari wa chuma wenye mbawa tatu kushikanisha vipande vya mfupa. Mwaka 1932 Sven Johansson wa Göteborg, Sweden, alieleza msumari wenye tundu katikati, unaopitishwa juu ya waya huku eksirei ikionyesha njia. Hapakuwa tena na haja ya kukifungua kiungo chenyewe. Baadaye zikaja nyonga za bandia. Faida kubwa ya vyuma hivi vyote ni moja: mgonjwa anaweza kuamka mapema.

Chuma peke yake hakikutosha, maana mzee huja na moyo wake, figo zake na dawa zake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, huko Hastings, Uingereza, mpasuaji Michael Devas na daktari wa wazee Bobby Irvine waliamua kuwahudumia wagonjwa hawa pamoja. Leo Uingereza inahimiza upasuaji ufanyike ndani ya saa 36.

Usidhani haya ni ya wazungu tu. Ni kweli, utafiti wa Louis Solomon uliotoka 1968 ulikuta kiwango cha chini sana miongoni mwa Waafrika wa Johannesburg. Lakini kiwango kidogo kikizidishwa na wazee wengi kinatoa wagonjwa wengi, na wazee wetu wanaongezeka. Kwa dunia nzima, watafiti walikadiria nyonga milioni 1.66 zilizovunjika mwaka 1990, wakatabiri milioni 6.26 ifikapo 2050.

Kwa hiyo mzee akianguka, akashindwa kusimama, na mguu ukaonekana mfupi au umegeukia nje, usimkande wala usisubiri kesho. Mpeleke hospitali. Ukifika, usiulize tu, "Mfupa utaunga?" Uliza swali ambalo Cooper angeliuliza: "Daktari, ataamka lini kitandani?"