Mlima wa Moto wa Ngazija

Wasikilizaji, sisi wa Dunda tukichimba kisima twakuta mchanga, kisha mawe ya matumbawe, na kwa mawe hayo watu wa kale wa Kaole walijenga misikiti na makaburi yao. Lakini ndugu zetu Wangazija wakichimba kwao hukuta jiwe jeusi, lenye vitundu vingi, lililotoka tumboni mwa nchi likiwa moto. Habari za jiwe hilo ndizo twataka kuzieleza leo.

Sehemu kubwa ya kisiwa cha Ngazija ni mlima mmoja, Karthala, ambao kimo chake chapita futi 7,700. Haukuchongoka. Zaha yake, yaani mawe yaliyoyeyuka, ni nyepesi mfano wa uji, nayo hutiririka mbali kabla ya kuganda. Hivyo tabaka lililala juu ya tabaka hata mlima ukawa mpana kama ngao iliyolazwa chini. Kibo cha Kilimanjaro kilijengwa kwa zaha nzito zaidi pamoja na majivu, ndiyo maana kimeinuka.

Mgeni aonaye mteremko ule mpole aweza kudhani hauna madhara. Sivyo. Mwaka 1903 hewa ya sumu iliyotoka mlimani iliua watu 17. Aprili 1977 nchi ilipasuka ubavuni, mbali na kilele, juu kidogo ya kijiji cha Singani. Watu walikimbia wakaokoka, lakini nyumba zao zilifunikwa.

Hata hivyo, kwa fikira zetu, taabu kubwa kuliko zote ni ya maji. Mvua hunyesha tele Ngazija, lakini mito ya kudumu haipo, kwa kuwa mawe yale hayashiki maji, kama pakacha. Basi watu hukinga mvua katika mabirika. Baada ya mlipuko wa 1991 ziwa lilikuwa limefanyika katika shimo la Chahale, kule kileleni. Moto ulipopanda Aprili 2005, maji yale yaligeuka mvuke kwa ghafula, ukayapasua mawe yakawa vumbi. Majivu yalianguka vijijini na kuingia mabirikani. Mwenye birika lililojaa akakosa maji ya kunywa. Novemba mwaka uleule yakaanguka tena. Na Mei 2006, palepale palipokuwa na ziwa la maji, palijaa zaha, na usiku anga juu ya mlima ilionekana nyekundu.