Acapulco kabla ya mastaa

Kuna tusi moja Wamexico hulitumia barabarani. Dereva akikukatia bila indiketa, akipanda hadi kwenye njia ya wapita miguu, halafu akuangalie kama wewe ndiye mwenye makosa, wanamwita cafre. Nairobi tunao wa kutosha kujaza kila steji. Nililisikia mara ya kwanza kwenye video moja usiku wa manane na nikairudisha nyuma mara tatu, juu masikio yangu yalikuwa yanalijua hilo neno. Litamke polepole. Kafre. Kafiri.

Ni neno moja la Kiarabu lililopanda meli tofauti. Kwetu lilibaki na maana ya mtu asiyeamini. Wareno walilikuta huku pwani ya Afrika Mashariki likitumiwa kuwaita watu weusi wa bara wasiokuwa Waislamu, wakalibeba, na baada ya muda midomoni mwao likamaanisha tu Mwafrika mweusi, hasa yule anayeuzwa. Lilifika Mexico likiwa limeandikwa kwenye karatasi za mauzo ya watu. Mlango mmojawapo wa hao watu kuingilia ulikuwa Acapulco.

Sasa, kama unaijua Acapulco, najua unaijua kwa nini. Ufuo. Hoteli. Vijana wanaoruka kutoka jabali la La Quebrada huku watalii wakishika roho. John F. Kennedy na Jackie walienda fungate huko 1953. Elvis alikuwa na filamu nzima inayoitwa Fun in Acapulco, 1963, na zile sehemu zake zilipigwa Hollywood. Ukitafuta historia ya huo mji utapewa orodha ya waigizaji waliolala hoteli gani, kana kwamba kabla yao kulikuwa na mchanga mtupu ukingoja mtu aje na miwani ya jua.

Nilisoma historia chuoni mihula mitatu kabla karo haijanitoa. Kwenye hiyo mihula mitatu, biashara ya watumwa kutoka Afrika ilikuwa na mishale miwili kwenye ramani: mmoja unavuka Atlantiki, mwingine unaenda Uarabuni na India. Mshale wa tatu, ule wa kutoka Msumbiji kupitia Goa, ukapita Malacca ama Macau, ukafika Manila na kuvuka Pasifiki nzima hadi Mexico, hakuna mtu aliyewahi kutuchorea. Niliuchora mwenyewe kwenye sakafu ya kejani na chaki, wiki nzima, nikisoma kwa simu. Kwa hivyo hii ndiyo stori yenyewe.

Jina Acapulco ni la Kinahuatl, lugha ya wenyeji, na linahusu mahali pa matete. Ghuba yenyewe ni kama bakuli: milima pande zote, maji ya kina, meli kubwa inaweza kukaa ndani bila kuogopa upepo. Miaka ya 1530, Hernán Cortés, yule Mhispania aliyewapindua Waazteki, tayari alikuwa anatuma meli kutoka hapo. Lakini bado palikuwa pahali pa kupita tu. Kilichopabadilisha ni swali moja lililowasumbua Wahispania miaka na mikaka: kuvuka Pasifiki kwenda Asia ni rahisi, upepo unakusukuma. Utarudije?

Vitabu vingi vitakwambia jibu lilipatikana na padri anayeitwa Andrés de Urdaneta. Aliondoka Ufilipino Juni 1565, akapanda kaskazini hadi akakuta upepo wa kurudi, na tarehe 8 Oktoba akaingia Acapulco. Safi. Shida ni kwamba kuna mtu alikuwa amemtangulia kwa miezi miwili.

Anaitwa Lope Martín. Alikuwa mwelekezi wa meli, mtu huru mwenye damu ya Kiafrika kutoka Lagos. Si Lagos ya Burna Boy, ni Lagos ya Ureno, mji ambao Waafrika waliotekwa waliuzwa hadharani tangu 1444. Msafara ulitoka Mexico Novemba 1564 ukiwa na meli nne, na Martín aliongoza ile ndogo kuliko zote, San Lucas, nahodha wake akiwa Alonso de Arellano. Siku chache baharini wakatengana na wenzao. Wakafika Ufilipino peke yao, wakageuka, na Agosti 1565 wakatia nanga bandari ya Navidad, Mexico. Hao ndio wa kwanza kwenda na kurudi.

Unafikiri alipewa nini? Urdaneta alipofika na stori yake, watu wa San Lucas wakaonekana watoro waliokimbia kundi makusudi. Arellano alikuwa na jina la ukoo mkubwa, akaenda kudai zawadi yake Uhispania. Martín akapangiwa safari nyingine: 1566, meli ya San Jerónimo kutoka Acapulco kwenda Ufilipino, na ndani ya hiyo meli kulikuwa na maagizo ya siri kwamba akifika ahukumiwe. Yaani aliajiriwa aielekeze meli hadi kwenye kitanzi chake. Alipong'amua, akaasi. Nahodha akauawa. Baadaye wengine wakamgeuka na yeye, wakamwacha na wenzake ishirini na kitu kwenye kisiwa kidogo cha Visiwa vya Marshall, katikati ya bahari. Hakuonekana tena. Sitamfanya malaika, watu walikufa kwenye yale maasi. Lakini ile njia ilitumika miaka mia mbili unusu, na jina lililobaki juu yake ni la padri.

Na hiyo njia ndiyo iliyojenga Acapulco. Kuanzia miaka ya 1570, karibu kila mwaka, jahazi moja ama mawili makubwa yalitoka Manila yakiwa yamejaa hariri, vyombo vya kauri vya China, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Yalirudi na fedha, fedha yenyewe ya kuchimbwa, kutoka migodi ya Mexico na Peru. Kwenda Manila ni kama miezi mitatu. Kuja Acapulco ni minne hadi sita, na hapo ndipo watu walimalizwa na kiseyeye, fizi zikioza wakiwa wazima. Mwaka 1593 mfalme akaweka kikomo: meli mbili kwa mwaka, bidhaa zisizozidi peso 250,000 kutoka Manila, na fedha isiyozidi peso 500,000 kurudi huko. Kila mtu akaitikia ndiyo bwana mkubwa, kisha wakaendelea kuficha mali kila pembe ya meli. Kikomo kwenye karatasi, magendo kwenye shehena. Tunaijua hiyo.

Huyo mfalme ni Felipe wa Pili. Mwaka huohuo wa 1593 ndio Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa. Kwa agizo la nani? La Felipe huyohuyo, juu tangu 1580 alikuwa pia mfalme wa Ureno. Ukienda Mombasa kupiga picha pale ukutani, umesimama kwenye mali ya bosi mmoja na Acapulco na Manila. Taji mbili zilikaa kichwa kimoja hadi 1640, na hapo ndipo mshale wangu wa tatu unaeleweka. Wareno walikuwa na watu wa kuuza kutoka Msumbiji, India na Bengal, Wahispania wa Manila walikuwa na fedha ya kuwanunua, na meli ya Acapulco ilikuwa na nafasi.

Wengi wa Waafrika waliopelekwa Mexico hawakupitia huku. Waliingilia Veracruz, upande wa Atlantiki. Wale wa Pasifiki walikuwa wachache zaidi, na kwenye makaratasi wakachanganywa wote. Ukishuka Acapulco kutoka meli ya Manila ulikuwa chino, Mchina, hata kama umezaliwa India. Mmoja maarufu ni msichana wa Kihindi aliyetekwa na maharamia, akauzwa Manila na kufika Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1620. Alibatizwa Catarina de San Juan, akaishi Puebla, na alipokufa 1688 watu walikuwa wanamwona mtakatifu. Utumwa wa hao chinos ulipigwa marufuku 1672. Wa watu weusi haukuguswa.

Mji wenyewe sasa. Usidhani ulikuwa jumba la dhahabu kwa sababu ya ile mali yote. Mali ilipita tu. Mtalii mmoja Mwitaliano, Gemelli Careri, alishuka hapo kutoka Manila mwanzoni mwa 1697 na akashtuka: bandari ya jina kubwa hivyo, na anachokiona ni nyumba za miti, udongo na nyasi, kama kijiji cha wavuvi. Wakazi karibu wote walikuwa watu weusi na machotara. Wahispania wenye pesa walikaa bara kwenye baridi na kushuka tu wakati wa maonyesho ya biashara, meli ikifika, wiki chache za kelele na kamari na bei za kuchinja. Zikiisha, wanapanda. Mwaka 1803 Alexander von Humboldt akakuta hali ileile: wakazi kama 4,000, karibu wote watu wa rangi, wanafika 9,000 meli ikiwa bandarini.

Hao 4,000 ndio nawataka. Ndio waliopakua. Ndio waliokarabati meli kwenye joto la kuua, waliolinda ngome ya San Diego, iliyojengwa baada ya Waholanzi kutokea ghubani 1615 na kuonyesha kwamba mji hauna kizuizi. Ndio waliosukuma misafara ya nyumbu (si wale wa Maasai Mara, hawa ni watoto wa punda na farasi) karibu kilomita 400 za milima hadi Jiji la Mexico, wakivuka mito kwa chelezo za vibuyu. Njia hiyo iliitwa njia ya China. Hariri iliyokuwa kwenye mabega ya mwanamke tajiri wa mjini ilikuwa imepita kwanza kwenye mabega yao.

Halafu kuna Wafilipino, na hapa mtu wa Kilifi atacheka. Mabaharia wao walilipwa vibaya na kulishwa vibaya, kwa hivyo wakifika Acapulco walikuwa wanatoroka. Afisa mmoja wa Uhispania aliandika akilalamika 1619: mabaharia Wafilipino 75 walikuja na meli ya Espíritu Santo mwaka uliotangulia, na waliorudi hawakufika zaidi ya watano. Walienda wapi? Walikuwa kwenye minazi wakigema. Walikuwa wameleta ufundi wao wa tembo la mnazi, wanaliita tuba, na wenyeji wakalipenda hadi huyo afisa akaogopa kwamba divai ya Uhispania itakosa wanunuzi. Dola kubwa kuliko zote duniani inatetemeshwa na wagema. Tuba bado inauzwa barabarani pwani hiyo ya Pasifiki mpaka leo.

Vita vya uhuru vilipoanza 1810, hao wasukuma nyumbu walikuwa wanajua kila kona ya hiyo milima. José María Morelos, padri aliyewahi kuwa msukuma nyumbu mwenyewe, alitumwa aiteke Acapulco. Ngome ilimshinda mara ya kwanza. Ilisalimu amri Agosti 1813. Meli ya mwisho ya Manila iliondoka 1815 na mji ukalala.

Miongoni mwa waliojiunga na Morelos alikuwa Vicente Guerrero, msukuma nyumbu mwingine, mwenye damu ya Kiafrika. Mwaka 1829 alikuwa rais wa Mexico. Tarehe 15 Septemba mwaka huo akafuta utumwa, zaidi ya miaka 30 kabla ya Marekani kufika hapo. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamempindua. Akarudi milimani kupigana. Januari 1831 nahodha mmoja wa Genoa, Francesco Picaluga, akamwalika chakula cha mchana kwenye meli yake, iliyokuwa imetia nanga ghuba ya Acapulco. Alipopanda, akafungwa. Bei ilikuwa peso 50,000. Walimpiga risasi tarehe 14 Februari.

Yaliyofuata mnayajua. Barabara ya magari ilifika kutoka Jiji la Mexico 1927, Rais Miguel Alemán akaja miaka ya 1940 na boulevard na hoteli, wakulima wakatolewa kwenye ardhi ya ufuo, mastaa wakaingia na kamera nyuma yao. Mimi hapo ndipo ninapochoka. Hiyo sehemu ina vitabu vya picha vya kutosha.

Wajukuu wa wale 4,000 bado wako, hasa Costa Chica, ukanda wa pwani unaoanzia Acapulco kuelekea kusini mashariki. Katiba ya Mexico iliwatambua watu wenye asili ya Afrika 2019. Sensa ya 2020 ikawahesabu: zaidi ya milioni 2.5 nchi nzima. Na bado wengine wakisafiri, askari wa uhamiaji huwashusha kwenye basi, huwaambia hakuna Wamexico weusi, huwaambia waimbe wimbo wa taifa kuthibitisha. Kuna waliouimba na bado wakafukuzwa nchini. Jimbo ambalo wengi wao wanatoka, lenye Acapulco ndani yake, linaitwa Guerrero.