Yungiyungi Alilonyimwa Gabrieli

Anayepekua Biblia akitafuta yungiyungi kama alama ya ubikira wa Maria ataambulia patupu. Ua lenyewe limo, ila kwa kazi nyingine. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Hiramu, fundi wa shaba kutoka Tiro, alipamba kwa umbo lake vichwa vya nguzo mbili za Hekalu la Sulemani, Yakini na Boazi. Katika Wimbo Ulio Bora ni lugha ya wapenzi. Naye Yesu, alipowaonyesha wafuasi wake maua ya kondeni, alikuwa akiwaondolea wasiwasi wa mavazi.

Ubikira uliletwa na wahubiri. Wakristo wa Zama za Kati waliusoma Wimbo Ulio Bora kama fumbo. Bibi arusi wakamwona kuwa Kanisa, au roho ya mwamini, au Maria. Bernard wa Clairvaux, aliyefariki mwaka 1153, aliuandikia hotuba 86 na bado hakuvuka mwanzo wa sura ya tatu. Kwa subira ya namna hiyo, ua gani litakosa maana? Weupe ukawa usafi, na wachoraji wakalitia yungiyungi katika picha za Kupashwa Habari Bikira Maria, mara chomboni, mara mkononi mwa Malaika Gabrieli.

Kisha siasa ikaingia. Nembo ya mji wa Florence, Italia, ni yungiyungi, japo kwa umbo linafanana zaidi na airisi. Mwaka 1251, Waguelfi, kundi mojawapo la kisiasa mjini humo, walipowashinda wapinzani wao Waghibelini, waligeuza rangi zake: ua jeupe juu ya nyekundu likawa jekundu juu ya nyeupe. Jirani na hasimu wao alikuwa Siena, mji uliojikabidhi kwa Maria kabla ya kuitwanga Florence vitani Montaperti, mwaka 1260.

Hebu sasa tazama mchoro wa Kupashwa Habari ambao Simone Martini na shemeji yake Lippo Memmi waliukamilisha mwaka 1333 kwa ajili ya kanisa kuu la Siena. Nyuma yote ni dhahabu. Maneno ya malaika yanatoka kinywani mwake yakimwelekea Maria, ambaye amejikunyata na kujivutia vazi lake, kama binti aliyeshtushwa na mgeni asiyebisha hodi. Mayungiyungi meupe yamo chomboni, sakafuni katikati yao. Mkononi mwa Gabrieli mna tawi la mzeituni.

Mzeituni ni amani, na hilo linatosha kwa mwanateolojia. Lakini wanahistoria wengi wa sanaa wanaona sababu ya pili: hakuna Msiena ambaye angependa kumwona mjumbe wa Mungu akibeba nembo ya Florence juu ya madhabahu yao. Naafikiana nao. Chomboni ua ni la Maria. Mkononi mwa mjumbe lingekuwa bendera.

Mwaka 1799 mchoro huo ulihamishiwa Florence. Uko huko mpaka leo, katika jumba la makumbusho la Uffizi.